Mama Amenikataza Kukwambia

Mikumi, 14 Machi

Kaka Sapit, shikamoo.

Huko nyumbani Kilosa mvua imenyesha, ng'ombe wamenenepa. Nilimwekea Mama ile sauti uliyoturekodia Norwe, ya bibi wa Kisami, wale wafugaji wa huko, akiwaita kulungu wa nchi za baridi anaowafuga kwenye theluji. Mama alicheka. "Huyu ni mfugaji kweli," akasema.

Najua kazi yenu na Wasami ya kutetea malisho ni ya wafugaji wote. Ndiyo maana Mama amenikataza kukwambia kwamba hawezi kusimama tangu mwezi uliopita, na tumemleta hospitali hapa Mikumi. Jana aliniuliza, "Sapit anajifunika nini huko?"

Njoo, kaka. Akiuliza nani amekwambia, sema umetukumbuka tu.

Mdogo wako,
Nkoile