Kiwanja cha Mama Kimefika Komini

Kadutu, Bukavu
Tarehe 12 Aprili 1959

Mpendwa kaka yangu Amisi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigoma, wewe na wifi yangu Zaina na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuachia. Idi yenu ilikuwaje? Mwezi mliuona siku moja na sisi, au mlibishana kama mwaka jana?

Sisi huku ni wazima kabisa, alhamdulillahi. Mume wangu Sefu anakohoa kidogo, lakini ukimsikia anavyoomba kuongezwa wali utajua hana ugonjwa. Watoto wamekua, nguo za Idi ya mwaka jana hazipiti hata kichwani. Mama ndiye mzima kuliko sote, na ndiye aliyenifanya niketi kukuandikia leo, maana nina habari ambazo nikizinyamazia nitapasuka.

Katika barua yako ya mwisho ulisema Mama afunge mizigo, na kwamba baada ya Idi utakuja Uvira kukodi lori lije limchukue. Kaka, lori hilo usilikodi! Ngoja nikueleze mambo yalivyokwenda, na usiruke mistari kama unavyopenda kufanya.

Unajua tangu Baba afariki karani wa komini, ile ofisi inayotawala Kadutu yetu, alikuwa anamfuata Mama. Kila akija ni maneno yale yale, kwamba kiwanja huandikwa kwa jina la mwanamume, na mwanamume mwenyewe amekufa. Kukuandika wewe haiwezekani kwa sababu unaishi nchi nyingine. Kumwandika Sefu haiwezekani kwa sababu ana kiwanja chake, na mtu mmoja hapewi viwili. Kuniandika mimi, karani alicheka tu. Basi Mama akaambiwa atoke kabla ya kiangazi, katika nyumba aliyoijenga pamoja na Baba tangu jiwe la kwanza.

Sasa, tangu uchaguzi wa Desemba komini yetu ina baraza lake la washauri, watu wetu wenyewe, na mkuu wao tunamwita burugumesta. Mtaa wetu ulimchagua Évariste, yule mwalimu mnene wa shule ya misheni anayekaa nyuma ya kwetu. Sisi wanawake hatukupiga kura, lakini tulimwambia wazi kwamba waume zetu wamepiga kwa ajili yetu, asijisahau. Tangu siku hiyo amenunua kofia mpya, na akikusalimia ni lazima kwanza aivue ndipo aongee. Tulimcheka sana. Leo simcheki tena, au namcheka kidogo tu.

Évariste alituambia kwamba mshauri ana haki ya kumwuliza burugumesta swali mbele ya watu wote, na burugumesta hana ruhusa ya kukaa kimya. Akaliandika swali la Mama na kulipeleka mapema, kama inavyotakiwa: ni sheria gani, na kifungu gani, kinachosema mjane atoke katika kiwanja alichoishi na mume wake? Jibu likawekewa siku, Jumamosi moja ya Februari.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu. Sisi maisha yetu yote tumejua njia moja tu ya kuulizana mbele ya mkubwa, nayo ni tribinali. Na tribinali huendi bila mashahidi. Kwa hiyo mtaa mzima ulisikia kwamba Mama amemshitaki burugumesta! Siku ilipofika wakaja wote na vitenge vyao vya sherehe. Akaja Maman Euphrasie, jirani yetu, aliyebeba mawe ya msingi pamoja na Mama. Akaja fundi aliyepiga lipu. Na Mama, Amisi, Mama alikuja akisukuma baiskeli ya Baba kutoka nyumbani mpaka mlango wa komini, kwa sababu Baba alichora jina lake kwenye fremu, na yeye alitaka wakubwa waone kwamba mwenye nyumba alikuwa mtu kweli. Mlinzi akakataa baiskeli isiingie. Mama akasema basi na yeye haingii. Wakabishana hapo hadi Évariste alipotoka na kofia mkononi akaomba baiskeli iegemezwe dirishani, ionekane kutoka ndani.

Swali lilipotajwa tu, Maman Euphrasie akasimama.

“Mimi niko shahidi wa kwanza! Ile mawe nilibeba na kichwa yangu, na mimba ya miezi saba!”

Burugumesta akagonga kengele. “Maman, kaa chini. Hapa hapana tribinali. Batu ya inje banasikiliza tu.”

“Nitasikiliza nini, na shahidi niko mimi?”

Nilitaka ardhi inimeze. Washauri wengine walikuwa wanaficha vicheko kwa karatasi. Lakini burugumesta naye ni mtu mzima, alingoja mpaka Euphrasie akakaa, akavaa miwani, akasoma jibu lake. Akasema wametafuta katika vitabu vyote vya komini, na vya zamani kabla ya komini, na kifungu hicho hakipo. Hakipo, kaka! Ilikuwa ni desturi ya ofisi tu, makarani wameachiana mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Vigelegele vilivyolia sijapata kuvisikia hata harusini kwako. Kengele ikagongwa, hakuna aliyeisikia. Mimi mwenyewe nililia, sioni haya kukwambia. Tulirudi Mama akiwa mbele na baiskeli yake, akapika ubwabwa na kuku, akalisha mashahidi wote ambao hawakushuhudia chochote.

Halafu Jumatatu asubuhi karani akaja tena na maneno yake. Mama alimtazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyerudi kuomba maji. Karani akasema hakuna kilichobadilika, kifungu cha kumtoa hakipo, lakini na cha kumwacha hakipo pia, na ofisi itaendelea kama ilivyozoea. Mama hakula siku hiyo. Alianza kukunja mikeka. Nilipoona anashusha picha ya Baba ukutani nilikimbia kumwita Évariste.

Alikuja na chaki bado vidoleni. Akakaa juu ya kinu kwa kuwa viti vilikwisha fungwa.

“Maman, unisamehe, sikukuelezea muzuri. Jibu haiko sheria. Jibu inaonyesha tu penye sheria inakosa. Sasa tutaandika yetu, na batapiga kura.”

“Na bakikataa?”

“Bakikataa, nitauliza tena.”

Mama akamwambia ateremke kwenye kinu chake. Lakini picha aliirudisha ukutani.

Kura ikaangukia katikati ya Ramadhani, alasiri, watu wamefunga na jua ni kali. Maneno ya ile sheria ni machache, nimeyashika kwa moyo: mjane aliyeishi na mume wake katika kiwanja ataandikwa yeye mwenyewe kuwa mwenye kiwanja, awe na mtoto wa kiume au asiwe naye. Safari hii tulikwisha fundishwa. Tulikaa kwenye mabenchi ya nyuma bila kufungua kinywa, hata Euphrasie, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa kunamtoa jasho.

Aliyesimama kupinga ni mshauri Almasi, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alitaka yaongezwe maneno “mpaka atakapoolewa tena.”

“Tukiandika mwanamuke hivi hivi, kesho anaolewa na mutu wa Kamanyola,” akasema. “Kiwanja ya Kadutu itakuwa ya Kamanyola! Mutacheka, lakini mutaona!”

Na washauri walianza kuitikia kwa vichwa, Amisi. Niliona wazi kwamba maneno yake yanaingia. Évariste alijibu vizuri, kwamba mwanamume mjane akioa mke wa Kamanyola hakuna anayemnyang’anya nyumba, lakini alijibu kwa urefu wa kimwalimu na watu walikuwa na njaa.

Sasa sikia. Kwenye benchi letu alikuwa amekaa Bi Kulthumu, mama mzazi wa Almasi, mjane tangu kabla ya vita, anayekaa nyuma ya duka la mwanawe. Hatukumwita. Alikuja mwenyewe na tasbihi yake. Mwanawe alipokuwa anaongea juu ya wajane na waume wa Kamanyola, bibi yule aliinuka taratibu, akapita katikati yetu, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa, uso kwa uso naye. Watu wa nje hawasemi. Alimtazama tu huku anahesabu tasbihi.

Almasi alipotea katikati ya sentensi. Akatafuta leso. Akasema ameyaondoa yale maneno aliyotaka yaongezwe, na akakaa.

Burugumesta akaita mikono. Waliokubali na waliokataa wakalingana. Akahesabu tena kwa sababu kulikuwa na mmoja ambaye hakuinua popote, na huyo alikuwa Almasi. Burugumesta akaita tena wanaokubali, na chumba kizima kikamgeukia. Mkono wake ukapanda polepole, yeye mwenyewe akiutazama, na ulipofika juu ulikuwa upande wetu. Kaka, tulishinda! Na hatukuruhusiwa kupiga vigelegele! Tulitoka nje tumebana midomo kwa mikono yote miwili, tukavuka barabara, ndipo tukaviachia. Adhana ya magharibi ilitukuta hapo hapo tukikumbatiana na Wakristo.

Nisikufiche neno moja. Sheria hiyo bado haijaanza kazi. Ni lazima kwanza itiwe sahihi na burugumesta mkubwa wa mji, Mzungu, ofisini kwake Nyalukemba, na wengine wanasema anaweza kuirudisha. Évariste huenda kuulizia kila juma na kofia yake. Karani hajaonekana tena kwetu, lakini hajasema pia kwamba ameacha. Mimi usiku wakati mwingine sipati usingizi.

Mama yeye analala. Jana, siku ya pili ya Idi, nilikuta amemleta yule fundi wa lipu, na ukuta wa nyuma umekwisha tobolewa. Anaongeza chumba! Nikamwambia, Mama, ngoja basi sahihi itoke. Akanijibu bila kuacha kukanyaga udongo: “Sahihi itanikuta humu.”

Nisalimie sana wifi Zaina, na shangazi zetu wote wa Ujiji, na mwambie mzee Bakari kwamba ile dawa ya macho nimeipata, nitaituma kwa mtu wa boti. Sefu anakusalimu, na watoto, na Maman Euphrasie anasema asisahauliwe. Mungu awalinde, awape riziki yenye heri na afya, na atukutanishe tukiwa wazima.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Mama amesimama nyuma ya kiti changu na mikono yake ya udongo, anasema lake bado. Naliandika kama anavyolisema: “Mwambie Amisi aje, na muke yake na batoto, chumba iko yabo. Lakini akifika apige hodi kwanza, na angoje nimukaribishe. Nyumba iko yangu.”

Ni mimi dada yako akupendaye kila siku,
Mwamvua