Siku Kumi na Moja Tupu Katika Daftari Lako

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Ofisi ya Tathmini ya Bunge.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Nakuandikia kukueleza kwa nini sikukujibu kwa miezi mitano, na kukujulisha kwamba sababu iliyonifunga mdomo ilikwisha Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi.

Kabla ya hayo, shikamoo. Natumaini magoti yako bado yanakubali ngazi za kituo chako cha afya, na kwamba Baba Mkubwa amepona kile kikohozi ulichokitaja katika barua yako ya Februari. Mimi ni mzima wa afya, ingawa mdogo wako anadai nimekonda, na kila Jumapili hunipunguzia suruali kwenye cherehani yake bila kuniuliza. Ningeweza kukupigia simu, ila najua ungenikatiza kabla sijafika kwenye maelezo, na maelezo haya yanahitaji mpangilio.

Barua yako niliisoma. Ujumbe wako wa simu niliusoma wote. Ule wa mwisho, "Karani, kama umeoa bila kunialika sema tu," ulinikuta kwenye foleni ya benki. Nikacheka peke yangu, kisha nikakosa raha siku nzima. Sijaoa.

Mambo yalianza hivi. Mwezi Januari Bunge liliitaka ofisi yetu iuchunguze mpango wa majokofu ya chanjo: kama yanafanya kazi iliyokusudiwa, na kama chanjo zinapowafikia watoto bado zina nguvu. Nilipangwa katika timu hiyo. Ulikuwa mgawo wangu wa kwanza tangu niajiriwe, nami nilikwisha kuliona akilini jalada la ripoti lenye jina langu. Kura ikapigwa kuchagua vituo thelathini kati ya mia mbili na kumi. Cha kumi na tisa kutoka kilikuwa chako.

Kwetu, kabla ya kugusa faili lolote, kila mmoja hujaza tamko: una ndugu humo, una rafiki humo, umewahi kufanya kazi humo. Nilikuandika kwenye mstari wa kwanza, ule wa mzazi. Mkuu wa timu yetu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu ambaye harudii swali, aliisoma fomu yangu mara mbili.

"Faili lako la ajira linasema mama yako ni mshonaji."

"Huyo ndiye aliyenizaa. Huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha."

"Basi waandike wote wawili. Ukimaliza, hama meza."

Nikahamia upande wa pili wa kabati, kwenye tathmini ya madawati ya shule. Masharti yalikuwa mafupi: nisikupigie, nisikuandikie, nisikujibu, hadi ripoti ikabidhiwe Bunge. Hata sababu nisikueleze, kwa kuwa kukueleza kungekuwa kukutonya kwamba wakaguzi wanakuja.

Wenzangu walifika kwako mwezi Machi bila taarifa, kama unavyokumbuka. Walirudi na picha za daftari la joto, lile unaloliandika asubuhi na jioni. Kabati letu ni la mbao nyembamba, na yale niliyoyasikia kupitia kwalo yalinikosesha hamu ya kula. Katika daftari lako kulikuwa na siku kumi na moja tupu, za mwezi Oktoba. Sentensi ya themanini na nane ya rasimu ikasema kwamba vituo vitano, kimojawapo chako, viliacha kupima joto kwa zaidi ya siku kumi na kuhatarisha maisha ya watoto. Ikapendekeza wakuu wa vituo hivyo waondolewe. Nawe umebakiza miezi minane tu ustaafu.

Na mimi nilijua ukweli wake. Oktoba ile ile ulinisimulia mwenyewe kwamba fundi alilichukua jokofu, ukazipakia chanjo zote kwenye sanduku la barafu, ukapanda pikipiki ya kukodi hadi kituo cha jirani, umelikumbatia sanduku kama keki ya harusi. Jokofu halikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na joto la kuandika. Ulicheka mpaka ukakata simu kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kwa mkuu wa timu, nikasimama mlangoni.

"Mama, kuhusu sentensi ya themanini na nane, nina jambo."

"La kazini au la nyumbani?"

"La nyumbani."

"Basi lirudishe nyumbani. Ukiliingiza humu, hata likiwa kweli, kila atakayeisoma ripoti atauliza limepitia mlango gani. Na huyo mama yako ndiye atakayeulizwa wa kwanza."

Nilirudi mezani, nikachonga penseli tatu ambazo hazikuwa butu. Sikumchukia. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi, na kwamba usahihi wake ungeweza kukuondoa kazini.

Sasa nikueleze habari za mzee mmoja tunayemwita Namba-Ngapi. Ripoti zetu haziondoki hapa mpaka zisomwe na mtu ambaye hakuwemo katika timu. Kila sentensi huwa na namba ndogo pembeni, inayoelekeza kwenye karatasi ya ushahidi, naye huifungua karatasi hiyo na kuilinganisha na sentensi, neno kwa neno. Sentensi isiyo na namba anaikata. Hufanya kazi hiyo akiwa amevaa sweta hata wakati wa joto, na vijana humkwepa kwenye korido. Mimi mwenyewe nilikuwa namkwepa. Siku ile nilisogeza kiti karibu na kabati.

"Themanini na nane, namba ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili na sita, mzee," akajibu mwenzangu aliyepiga picha. "Ukurasa wa daftari. Mtupu kabisa, tazama."

"Nautazama. Unaniambia hakuna aliyeandika. Jokofu lilikuwepo?"

"Tulipofika lilikuwepo."

"Mlifika Machi. Mimi nakuuliza Oktoba."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Mzee, ripoti inatakiwa kwa mchapaji kesho."

"Basi una leo nzima. Katafute karatasi za fundi. Kwa vituo vyote vitano, usinichagulie."

Sikumbuki niliandika nini kuhusu madawati siku ile. Saa tisa alasiri karatasi za fundi zilipatikana. Jokofu lako lilichukuliwa na kurudishwa baada ya siku kumi na moja, tarehe kwa tarehe. Namba-Ngapi hakuridhika. Akataka kujua chanjo zenyewe zilikuwa wapi, wakakiomba kituo cha jirani kitume picha ya daftari lake. Ndipo nilipomsikia akisema, "Zimepokelewa saa sita na dakika kumi mchana, nyuzi tano. Na saini hii yenye mkia mrefu kama wa kishada ni ya nani?"

Mama Mkubwa, niliinamisha kichwa juu ya meza, nikakiacha hapo.

Vile vituo vinne vingine majokofu yao yalikuwepo, na sentensi yao imebaki. Sasa inasema vinne. Imeongezwa aya kuhusu kituo kimoja, kisichotajwa, kilichozihamisha chanjo zake zote ndani ya saa mbili bila hata moja kuharibika. Hata hivyo, kwa heshima zote, nakuomba siku nyingine uandike maneno mawili tu ukurasani: "kwa fundi." Ungetuokoa wote.

Alhamisi ripoti ilikabidhiwa. Mkuu wa timu alinirudishia nakala ya tamko langu, imegongwa mhuri wa kufungwa.

"Haya, mtafute mama yako."

"Yupi?"

"Wa mstari wa kwanza."

Jina langu halimo kwenye jalada. Katika kiambatisho cha mwisho kuna mstari mmoja usemao kwamba ofisa mmoja alijitenga kwa sababu ya undugu. Ofisa huyo ni mimi, na undugu huo ni wewe. Nimenunua nakala ya ripoti, nitakuletea.

Mdogo wako anakusalimu na anaulizia vipimo vya gauni lako. Nisalimie Baba Mkubwa na redio yake, binamu dereva, na yule muuguzi kijana ambaye, nasikia, ameanza kukuiga mwandiko. Mungu akutunzie macho, mikono na huo uthabiti wako hadi siku ya kukabidhi funguo kwa heshima.

Nimepewa likizo ya siku sita. Nataka nisimame nyuma yako ukilifungua jokofu kusoma joto la jioni. Usinisubiri ndipo uandike. Nitakuwa hapo Jumamosi, tarehe 21 Juni, saa kumi kamili.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nilipokaa kimya,
Karani