Pipi za Mama Zimezidi Chumvi

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima. Paka kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la viatu.

Nakutumia pipi za karameli. Mama kazipika mwenyewe, na mkono wake ni uleule: sukari ilipoiva rangi ya kahawia tu, akatia siagi na maziwa, haikuungua hata kidogo. Kasoro ni chumvi. Alinyunyiza, akaenda kufunga dirisha, akarudi akanyunyiza tena.

“Mama, umeshatia.”

Akanitazama kama namsingizia, akatia mara ya tatu. Nilikula mbili mbele yake nikitabasamu, kisha nikamaliza jagi la maji.

Ukizionja, piga simu umsifie. Halafu uje, dada, wakati bado anauliza utakuja lini.

Mdogo wako