Gia Zisizokaa Vizuri

Mjukuu wangu Kabula, nakusalimu: mwangaluka. Bibi yako amemaliza kuvuna mpunga, lakini nyumba imepoa tangu uondoke. Unauliza kama niliwahi kuogopa kazini.

Nilikuwa karani mpya wa ushirika, miaka ile makarani walipokuwa wakipunguzwa. Pikipiki yetu kuukuu ilivunjika gia, nikanunua za kampuni nyingine. Fundi wa Dutwa alizipanga, zikazunguka kwa kukwaruza.

“Karani, hizi hazijakaa. Tumwambie meneja?”

Niliogopa kufukuzwa. “Funga tu injini hivyohivyo,” nikasema.

Zilisagika siku hiyohiyo, nikakwama peke yangu kati ya mashamba ya pamba. Jioni meneja, aliyeambiwa na fundi, akanifuata kwa baiskeli.

“Mbona hukusema? Hata mimi nasubiri barua ya kupunguzwa.”

Tukaisukuma pikipiki pamoja hadi Dutwa. Huko ofisini kwako, mtazame na mwenzako wa meza ya pili; huenda naye anaogopa.

Babu yako