Nusrat Anaamini Nilikuwa Muscat

Shangazi Paskazia, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila Jumamosi pale kibandani kwangu sokoni kabla wateja hawajaanza kuja, na mara nyingi nawacheka wanaokuandikia, nasema huyu naye si amalizane na mumewe huko ndani, kumbe na mimi siku yangu ilikuwa njiani. Naomba msaada wako, na naomba usione haya kunigombeza, kwa sababu wa kunigombeza sina, jambo lenyewe tunalijua watu wawili tu, mimi na mama yangu mzazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nauza vitenge na madera Nyamagana, nakaa Butimba karibu na chuo cha ualimu na binti yangu wa pekee, ambaye nitamwita Nusrat, ana miaka kumi na sita na yuko kidato cha nne. Baba yake, Mungu amrehemu, alifariki mtoto hajafikisha mwaka. Zamani sikuwa muuza vitenge, nilikuwa muuza samaki, navuka na kivuko cha Kamanga naenda kwenye mwalo mmoja upande wa Sengerema, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nachukua sangara narudi nao mjini, na sitakudanganya shangazi, nilikuwa nachukua na wale wachanga wasiofika kipimo, kwa sababu walikuwa wanatoka haraka na kila mtu pale mwaloni alikuwa anawachukua. Afisa uvuvi akanionya mara ya kwanza, akanionya ya pili, mara ya tatu akaja na rula yake akashika tenga langu, yeye anavuta, mimi navuta, watu wanacheka, hasira ikanipanda nikamsukuma. Akadondokea kwenye mawe, nyonga ikavunjika. Nikahukumiwa miaka minne, nikatumikia miwili na miezi minane katika gereza la mkoa mwingine ambao siutaji.

Nusrat alikuwa na miaka sita. Mama yangu, nitamwita Bibi Mwanaheri, ni mtu wa kuheshimika, anafundisha watoto Kurani hapo mtaani kwake, na alikuja kuniona mara moja tu nikiwa mahabusu, akaniambia, "Watu nimewaambia umepata kazi Muscat. Mtoto nimemwambia hivyohivyo. Usije ukaniaibisha." Nikakubali, shangazi, tena nikakubali upesi, niliona mama amenisitiri. Kule ndani niliandika barua kumi na moja, za kwake mama lakini ndani yake mna maneno ya Nusrat, na kila moja nilimalizia kwa kusema ukishasoma choma, kwa sababu zilikuwa na mhuri wa gereza na sikutaka mtoto auone.

Nilipotoka, kabla sijafika nyumbani nilipita madukani Makoroboi, hapahapa mjini, nikanunua udi, manukato na gauni la mtoto, nikabandua karatasi za bei, nikaingia mtaani kama mtu aliyeshuka na ndege, nikapokewa kwa vigelegele. Gauni nilinunua la mtoto wa miaka sita. Nusrat alikuwa anakaribia tisa. Akalijaribu mbele ya wageni, mkono ukagoma kupita, akalivua, akalikunja vizuri akampa bibi yake, si mimi. Tangu siku ile ananiita mama, ananiamkia, anafua na kupika kama watoto wengine, ila la moyoni mwake hanipi. Alipofika miaka kumi na mbili aliniuliza swali moja tu, "Muscat hakukuwa na simu?" Nikamjibu bosi wangu alikuwa mkali sana, akasema "Sawa," basi, yakaisha.

Sasa mwaka huu imekuja hii tamthilia ya Bweni la Tatu, ya wanawake wafungwa, nadhani na wewe unaiangalia maana mtaani kwetu ikianza hata watoto wanaitwa ndani, Jumanne saa moja na nusu jioni. Jirani yangu Mama Dorcas anakuja na kigoda chake, anakaa, anawatukana maafande wa kwenye runinga mpaka povu linamtoka. Mimi mwanzoni nilikuwa nakimbilia jikoni, nasema naangalia maharage. Ni Nusrat aliyeanza kuniita. "Mama njoo bwana, kiti chako hiki hapa." Miaka saba tangu nimerudi hajawahi kuniwekea kiti, shangazi, ningekataaje? Nikaenda nikakaa.

Siku hiyo mfungwa mmoja alikuwa anabishana na afande, amesimama wima, mkono kiunoni, na mimi bila kufikiri nikasema, "Uongo huo, utaongeaje na afande umesimama, angechuchumaa kwanza." Mama Dorcas akacheka, "He! Na wewe umeyajulia wapi ya jela?" Nikasema nilisoma gazetini. Nusrat hakucheka, aliniangalia tu, halafu akarudisha macho kwenye runinga. Jumanne iliyofuata akaniuliza, "Mama, hivi kule ndani mtu akiandika barua, afande anaisoma kwanza ndiyo itoke?" Na wala siku hiyo hawakuonyesha barua yoyote. Nikasema mimi sijui, kamuulize mwalimu wako wa uraia.

Wiki mbili zilizopita ndiyo nimekwisha. Kwenye tamthilia kuna mama mmoja anaitwa Sikitu, mtoto wake amekataa kwenda kumwona gerezani, huyo Sikitu akalia, na Nusrat akalia, mtoto wangu ambaye hata alipovunjika mkono hakulia mbele yangu. Mama Dorcas akamwambia, "Jamani Nusrat, si maigizo tu haya." Akajibu bila kugeuka, "Angalau huyu alifungwa. Wangu aliondoka mwenyewe." Nikainuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko ambalo halikuwa hata na moto.

Asubuhi yake akaniambia kwa adabu kabisa kwamba akimaliza mtihani anahamia Bukoba kwa shangazi yake Raya, dada wa marehemu baba yake, na atasoma huko mpaka mwisho, na nisihangaike kumfuata. Mtihani unaisha baada ya wiki tano. Nikamkimbilia mama, nikamwambia nataka kumweleza mtoto ukweli, mama akaniambia, "Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi. Umenipa aibu moja, nikaibeba mwenyewe miaka kumi. Unataka kunipa ya pili?" Ana miaka sabini na miwili, shangazi, na ni yeye aliyenilelea huyo mtoto.

Nikinyamaza, mwanangu anaondoka akijua nilimwacha kwa hiari yangu. Nikisema, atajua mama yake ni mfungwa na bibi yake ni mwongo, atabaki na nani? Au nimwache aende Bukoba, apumzike asinione tena? Nisaidie, silali, sili, hata vitenge nawapimia watu pungufu bila kukusudia.

Ni mimi, wa Butimba

SHANGAZI PASKAZIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umeomba nikugombeze, basi kaa vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Gauni umelieleza mpaka mkono uliogoma kupita. Yule afisa uvuvi umemdondosha kwenye mawe, umemvunja nyonga, kisha ukamwacha palepale mwaloni, ukaendelea na safari. Anatembea? Yu hai? Jina lake unalijua, maana lilisomwa mahakamani na wewe ukiwa umesimama hapo. Alikuwa anafanya kazi yake, wewe ndiye uliyekuwa na samaki wa makosa. Naanza na hili kwa sababu binti yako atakuuliza, na ukimjibu kwamba hukuwahi kufuatilia, hapo ndipo atakapokuona mtu mbaya, si kwenye habari ya jela. Kwa hiyo kafuatilie. Wiki hii.

Baada ya hilo, pole. Pole sana, na nasema kwa moyo wote. Miezi thelathini na miwili bila kumwona mtoto wako hata mara moja ni adhabu ambayo hakimu hakuiandika, mliongezeana wenyewe, wewe na mama yako. Majirani walitosha kuambiwa Muscat, hawakudai zaidi. Mtoto wa miaka sita alitakiwa kuambiwa mama yako amekosea, amefungwa, anakupenda, atarudi. Angelia wiki moja. Badala yake mmemfanya awe mtoto ambaye mama yake alienda kutafuta maisha akasahau kupiga simu. Ulitaka asione aibu, ukampa upweke.

Sasa nisikilize vizuri, maana jibu umeliandika mwenyewe ndani ya barua yako na ukalipita bila kuliona. Mtoto asiyekutaka hakuwekei kiti. Nusrat alikuita ukae naye uangalie habari za wanawake wafungwa, tena alikuita wewe uliyekuwa unakimbia, wala hakukuita kuangalia mpira. Ulipojisahau ukasema mambo ya kuchuchumaa, jirani alicheka, mtoto hakucheka. Wiki iliyofuata akakuuliza habari za barua, na umesema mwenyewe kwamba siku hiyo haikuonyeshwa barua yoyote. Amezitoa wapi barua, mwanangu? Nimezaa watoto watano, nimemzika mmoja, na sijawahi kukutana na mama anayechoma mwandiko wa mwanawe aliye kifungoni, hata akiagizwa mara kumi na moja. Mimi nadhani barua zako zipo, nyumbani kwa Bibi Mwanaheri, na nadhani kuna mtu mwingine alishazisoma.

Naweza kuwa nimekosea. Lakini lile neno la "wangu aliondoka mwenyewe" silioni kuwa lilisemwa kwa Mama Dorcas. Lilisemwa kwako. Alikuchokoza ili ukatae. Alitaka useme, "Hapana, sikuondoka, nilichukuliwa." Na wewe ukaenda kusimama mbele ya jiko la baridi! Mwanamke uliyevutana na afisa wa serikali kwa ajili ya tenga la samaki, ukashindwa kumjibu binti wa miaka kumi na sita neno moja. Hapo umeniudhi.

Kuhusu mama yako, usiende kwake kuomba ruhusa tena. Ulienda kuomba, akakunyima, na kwa nafasi yake mimi ningekunyima pia. Nenda kumpa taarifa. Piga magoti, mshukuru kwa kukulelea mwanao, maana hilo ni deni la maisha, kisha mwambie, "Mama, Jumamosi naongea na Nusrat. Wewe nitasema ulinisitiri, na ni kweli." Atakununia. Mzee wa miaka sabini na miwili ananuna, akichoka anauliza mjukuu wake amekula nini. Ila kama barua zipo, mwombe akupe.

Na Nusrat usimsubirishe mpaka mtihani uishe kwa kisingizio cha kutomvuruga. Amekwisha kuvurugika, anasoma huku akijua anahama. Jumamosi ijayo asubuhi, funga kibanda, zima simu, na Mama Dorcas mwambie kabisa leo usije. Usimpandishe kivuko kwenda Kamanga kumwonyesha mahali ilipotokea, hayo ya kusimama ufukweni na upepo waachie wenye tamthilia. Kaeni chumbani kwenu, kitandani, mlango umefungwa. Taja jina la gereza. Taja mwaka ulioingia na mwezi uliotoka. Taja jina la yule afisa uliyemuumiza na hali aliyonayo leo. Sema Muscat hujawahi kukanyaga, na lile gauni ulinunua Makoroboi. Usianze na machozi, ukilia wewe kwanza itabidi yeye akubembeleze, na si kazi yake. Usiseme ulifanya yote kwa ajili yake, maana samaki wachanga hukuwachukua kwa ajili yake. Wala usimwombe msamaha ujibiwe siku hiyohiyo. Omba, kisha mwache nao.

Bukoba usiitumie kumbana. Akisema bado anaenda, mpigie shangazi yake Raya wewe mwenyewe, mfungie mwanao mizigo, na umwandikie kila mwezi, jina lako nyuma ya bahasha. Mtoto anayejua mama yake ni nani anaweza kurudi kutoka Bukoba. Huyu uliye naye sasa hana wa kumrudia.

Usiogope swali la atabaki na nani. Ataudhika na wewe, ataudhika na bibi yake, labda atawasusa wote mwezi mzima. Mtu haudhiki hivyo na watu asiowahesabu kuwa wake.

Jambo la mwisho, na hili ulishike kuliko yote. Ukishasema, atakasirika. Atapaza sauti, pengine atakuambia maneno ambayo hata maafande hawakukuambia, na miguu yako itataka kwenda jikoni kama ilivyozoea. Usiinuke. Kaa hapohapo kitandani mpaka amalize, hata kama itafika adhuhuri. Ulipomwacha akiwa na miaka sita walikuchukua, hukuwa na la kufanya. Jumamosi hiyo ukitoka kwenye hicho chumba, utakuwa umeondoka mwenyewe.