Nyemo Alivyousoma Moyo Wako Mguuni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua sitasikia ukiitikia, lakini sijui kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Linamhusu mdogo wangu Nyemo, na linanihusu mimi na wivu wangu.

Unakumbuka miguu yako ilivyovimba mwaka ule, baada ya kuvuna uwele? Kila asubuhi nilikukalisha kwenye kigoda, nikakukanda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki pale mpaka nimalize kukupaka mafuta. "Hujanichoka?" ulikuwa ukiniuliza, nami nikijibu, "Nitakuchokaje, mama?" Miezi ikapita hivyo. Nilijua kila kovu la miguu ile, hata lile la jembe.

Kisha Nyemo akaja nyumbani Haneti, akaona unavyohema ukitembea hatua kumi tu, akasema kesho tunaondoka. Tulifikia kwake mjini, Ipagala. Katika hospitali anakopima wagonjwa kwa ultrasaundi, alikulaza kitandani yeye mwenyewe, daktari akiwa pembeni. Alianza na tumbo, lakini lilikuwa limejaa gesi na picha haikueleweka. Ndipo akapandisha khanga yako, akapaka jeli juu ya paja, karibu na nyonga, akaweka kile kifaa.

"Dada, sogea uone," aliniita. "Huu ni mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Kwa mtu mzima wa afya, damu hupita taratibu, inafuata pumzi. Ya mama inakwenda na mapigo ya moyo, inasita, inarudi nyuma. Presha imekuwa kubwa upande wa kulia wa moyo, mpaka damu ya huku chini inakosa pa kwenda."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akasema moyo wenyewe utapimwa pia, ila dawa ya kupunguza maji ianze leo.

Dakika tano, mama. Miguu niliyoikanda miezi yote ile, yeye aliisoma kwa dakika tano. Nawe ukamshika mkono ukasema, "Mwanangu, umeniona mpaka moyoni." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vyako mkononi. Hukunitazama.

Uvimbe ulishuka, tukarudi nyumbani. Kila mgeni aliyeingia ulimsimulia habari za Nyemo na mashine yake. Siku moja jirani akauliza, "Na huyu dada yake?" Ukajibu, "Huyu yupo tu nyumbani." Ulisema bila ubaya wowote. Mimi nilikuwa jikoni nikikusongea ugali, na neno lile "tu" sijalimeza mpaka leo.

Nyemo alikuwa ametuachia mizani. Nikupime kila asubuhi. Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, nimpigie. Zikaongezeka. Alipopiga simu nikamwambia, "Mama hajambo." Wiki iliyofuata nikarudia hivyohivyo. Nilitaka uvimbe ule uishie mikononi mwangu, kwa maji yangu na chumvi yangu, ili wageni wakija ulitaje jina langu. Mpaka siku ile uliposhindwa kumaliza kunisalimia kwa kuishiwa pumzi, ukiwa umekaa. Hapo nikaogopa. Nikampigia, nikasema umevimba tangu juzi.

Jirani alitukimbiza mjini kwa gari lake. Nyemo akaweka tena kifaa pajani, akatazama kioo kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Safari ile ulipona. Ukaishi mpaka mvua zilizofuata, ukatutoka mchana mmoja ukiwa umeegemea bega langu, Nyemo akiwa bado njiani.

Baada ya arobaini nilimwambia ukweli, tukiwa uani tunapepeta mtama.

"Najua," alisema, wala hakuacha kupepeta. "Kilo saba haziingii kwa siku mbili."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Angeanza kukuogopa. Na alikuwa anarudi kwako, dada, si kwangu." Akapuliza makapi, kisha akasema, "Nilikasirika sana. Nilikuwa nakuja kukusema, kila nikifika nakukuta umemshika miguu."

Nililia pale kwenye ungo wangu. Lakini nikueleze yote, mama: hata katika kulia kule nilimwonea wivu. Aliibeba siri yangu mpaka tukakuzika, na mimi najijua, nisingemfanyia hivyo. Hata wema amenizidi.

Nisamehe zile wiki mbili. Nimezihesabu mara nyingi. Wivu sijui kama utaniisha, sikudanganyi tena.

Pumzika, mama. Ukimjia mmoja wetu ndotoni, safari hii anza na mimi.

Mwanao wa kwanza