Vidonge vya Damu na vya Kiungulia

Neema mwanangu,

Hujambo na huyo wa tumboni? Simu yako haipatikani, basi kadi hii nimempa dereva wa basi akuletee Makere.

Hapa Kibondo kwa mama yako mdogo ni ukungu na baridi. Jana tumekula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, nikakumbuka nilipokuwa na mimba yako. Kiungulia nilikituliza kwa udongo wa kichuguu, nyuma ya jiko la bibi yako, naye akinicheka: "Utatuzalia mchwa." Ulipozaliwa mdogo vile, hakucheka tena.

Sasa jirani hapa ni nesi. Nikamwambia wewe unatafuna vidonge vya kiungulia pamoja na vile vya kuongeza damu, kwa mpigo mmoja, mimi ndiye niliyekufundisha ili usisahau. Akasema, "Mama, hivyo vya kiungulia vinazuia madini ya damu yasiingie mwilini. Mtoto atajengwa na nini? Hata udongo ni hivyo hivyo."

Nimekosa, mwanangu. Vya damu usiache, ila vitenganishe kwa masaa kadhaa, na kesho ukamuulize nesi wa kliniki.

Nipapasie hilo tumbo. Huyu azaliwe mzito, mpaka mikono yangu ichoke kumbeba.

Mama yako